Faini ya maegesho: walimjibu mtu mwingine, si mimi

Mnaoendesha magari Uingereza, mkiandikiwa faini ya maegesho na halmashauri na mnajua kabisa hamkukosea, msikimbilie kulipa ile nusu. Najua inavyoshawishi. Yangu ilikuwa paundi 50. Ukilipa ndani ya siku 14 unatoa 25 na mambo yameisha. Hapo ndipo wanapotukamatia.

Nililipia maegesho kwa simu mpaka saa tisa kamili alasiri. Karatasi niliyoikuta kwenye kioo ilionyesha saa tisa na dakika saba, saa yao wenyewe, si yangu. Sasa, tangu Aprili 2015 sheria ya England inasema muda uliolipia ukiisha, halmashauri haitakiwi kukuandikia faini mpaka zipite dakika 10. Hiyo si hisani ya mtu. Nikaandika pingamizi la mistari michache, nikaambatisha risiti na picha ya karatasi yao, nikajua limekwisha.

Jibu lililokuja ndilo lililonipandisha mori. Eti wameichunguza kesi yangu kwa makini, na kutokuona kibao cha maegesho si sababu ya kusamehewa. Kibao gani? Nani alitaja kibao? Nilisoma barua ile mpaka nikahisi labda wamekosea bahasha, lakini jina ni langu na namba ya gari ni yangu. Dakika 10 hazikuguswa popote. Halafu mwishoni, kwa ukarimu wao, wakanirudishia ile nusu bei kwa siku 14 nyingine.

Nikapiga simu. Dada aliyepokea hakutaka hata kusikia namba ya faini. "Lipa, au subiri barua nyingine." Nikamuuliza kwa upole, dada, kuna mtu yeyote huko amesoma nilichoandika? Akasema wanaosoma ni wengine, na hao hawapokei simu. Akakata.

Nusura nilipe siku ile, nisiwe mwongo. Paundi 25 kwa ajili ya amani ya moyo ni bei nafuu. Kilichonizuia ni kile kibao. Nikasubiri barua rasmi ambayo halmashauri humtumia mwenye gari, nikajibu kwa hoja ileile, wakakataa tena kwa maneno yaleyale, kibao kimo. (Ila msinyamaze tu kwa hasira: asiyelipa wala kujibu faini yake hupandishwa kwa asilimia 50.)

Siku hiyo mngeniuliza ningesema mfumo mzima ni wizi mtupu. Leo napunguza, maana nilikata rufaa Traffic Penalty Tribunal, chombo huru kinachosikiliza kesi hizi kwa England nje ya London, pamoja na Wales. Una siku 28 tangu ukataliwe, unajaza kwenye intaneti, hulipi hata senti, na anayeamua ni mwanasheria asiyeajiriwa na halmashauri. Nikapandisha picha zilezile mbili. Hakuna jipya nililoongeza.

Mnajua halmashauri ilijitetea vipi? Haikujitetea. Ilitoa taarifa kwamba haitapinga rufaa, faini ikafutwa. Samahani hakuna, maelezo hakuna. Nilidhani ningefurahi, kumbe ndiyo nilichefuka zaidi: walipojua kuna mtu wa nje atakayesoma, ghafla nao wakajua kusoma. Na waliolipa 25 zao wakanyamaza, hao nani atawarudishia?

Baraza la rufaa nalipatia nyota tano. Halmashauri sifuri. Au basi, moja, na ni ya yule mkaguzi wa barabarani, kwa sababu angalau aliandika saa ya kweli. Angeongeza dakika nne tu ningekuwa sina kesi.

Sasa naangalia suala la gharama. Baraza linaweza kuamuru nilipwe, ila ni nadra, mpaka ionekane upande wa pili ulifanya jambo lisilo na mantiki kabisa. Mimi naona kumjibu mtu kuhusu kibao ambacho hakukitaja, mara mbili, kunatosha. Maombi nimeshaanza kuyaandika, na barua zao zote mbili naziambatisha.