Kabati la TV lililoipika amplifaya ya marehemu baba

Haki itendeke kwanza: kabati lenyewe ni zuri. Milango ya kioo cheusi, droo haziparuzi, na kila mgeni anayeingia sebuleni anauliza nimelitoa wapi. Nimekuwa nikiwajibu kwa nusu mdomo, na hapa nitaeleza sababu.

Nyumbani kuna amplifaya ambayo marehemu baba aliinunua nikiwa shule ya msingi. Nzito, unaibeba kwa kuikumbatia. Ijumaa jioni, akishatoka msikitini na kunywa chai yake, aliiwasha mwenyewe, hakuna mtoto aliyeruhusiwa kuigusa, na taarabu ilisikika mpaka kwa majirani wa nyuma. Miaka yote hiyo ilikaa juu ya stuli karibu na dirisha. Zaidi ya kubadilishiwa fyuzi, haikuwahi kumjua fundi.

Mimi ndiye niliyeifungia kabatini. Na sikujipangia tu kichwani mwangu, nilifuata maelekezo ya muuzaji. Alisimama mbele ya kabati la maonyesho akanionyesha kwa mikono: "Amplifaya iweke hapa chini, king'amuzi juu yake, unafunga mlango, vumbi haliingii." Kweli vumbi haliingii. Hakuna kinachoingia, kwa sababu mgongo wa kabati ni ubao mzima, tundu pekee ni la kupitishia waya, na nalo likishajaa waya limezibika. Mimi nikaongeza kitambaa cha kufuma cha shangazi juu ya king'amuzi, kama tunavyofanya wengi.

Ikaja ile miezi ya joto la Dar baada ya mwaka mpya, usiku hata shuka hulitaki. Amplifaya ikaanza kukata sauti yenyewe. Inazima, inapumzika, inarudi. Nikasingizia umeme. Kumbe ilikuwa inajizima ili isiungue, inaomba msaada kwa lugha yake na sikuielewa. Siku moja tuna wageni ikazima na haikurudi. Nilipovuta mlango hewa iliyonipiga usoni ilikuwa ya tanuri la mikate, na kile kitambaa kilikuwa cha moto kama kimetoka kwenye pasi.

Fundi alipoifungua alinionyesha kapasita mbili, vile vikopo vidogo vya kuhifadhi umeme, zimevimba vichwa, pembeni ute wa kahawia umekaukia kwenye bodi. Akanieleza kwamba kapasita za aina ile, kila joto likipanda nyuzi 10, umri wake unapungua karibu nusu. Na amplifaya za zamani kama ya baba, sehemu kubwa ya umeme zinaoukula haifiki kwenye spika, inageuka joto, ndiyo maana zimetobolewa matundu juu. Mimi nilikuwa nimeyakalia yale matundu na king'amuzi, chombo ambacho nacho hakilali: ukikizima kwa remoti ile taa nyekundu inabaki, na ukikigusa alfajiri bado kina moto.

Nilifunga zile kapasita kwenye karatasi laini, nikazitia kwenye pochi, nikaenda dukani. Sikwenda kudai fedha ya amplifaya. Nilitaka tu wanitobolee mgongo wa kabati, au wanibadilishie ubao, na wasimwelekeze mteja mwingine kama walivyonielekeza mimi. Yule yule kijana, mbele ya wateja, akanijibu: "Dada, hapa tunauza makabati, hatuuzi mafriji." Wenzake wakacheka. Kapasita hakuzitazama hata kidogo. Nilikuwa nimezishika mkononi.

Nimepita miaka mingi nikinunua vitu mjini hapa, nimedanganywa bei, nimeletewa kiti cha miguu mitatu. Sijawahi kuumia kama siku ile.

Kazi ilimalizwa na seremala wa Keko, alikuja na drili yake na haikuzidi nusu saa. Alitoboa matundu mapana mgongoni, chini na juu, kwa maana hewa ya moto hupanda, na ukitoboa juu peke yake hakuna njia ya hewa baridi kuingia. Kwenye matundu ya juu nikapachika feni mbili ndogo za volti 5, zinachomekwa kwenye tundu la USB la TV, kwa hiyo TV ikiwaka nazo zinazunguka. Zielekezeni nje. Nilipozifunga mara ya kwanza zilikuwa zinasukuma hewa ndani, joto likabaki pale pale. King'amuzi kimepata rafu yake, rafu ya juu kabisa nimeiacha wazi kwa ajili ya amplifaya, nafasi ya kiganja kizima juu yake, na kitambaa cha shangazi kimehamia kwenye meza ya chai.

Kipimajoto cha chumbani nilikiweka ndani ya kabati kabla ya kutoboa, king'amuzi na deki tu vikiwa vimewashwa saa nzima, milango imefungwa: nyuzi joto 46. Baada ya kutoboa, saa ile ile, vyombo vile vile: 35, na sebule yenyewe ilikuwa 31. Niliposoma ile 35 nilikaribia kulia.

Kwa hiyo siku hiyo nilitaka kuandika kwamba kabati ni la kununua, mradi umwite seremala kabla ya kupanga vyombo. Mbao hazijapinda, bawaba ziko imara, na bei niliyolinunulia sijaiona kwingine. Nilikuwa nimeshaliwekea nyota nne. Kisha nikajiuliza, kama tundu ni kazi ya nusu saa, walishindwaje kulitoboa wao? Na kama walishindwa, kulikuwa na haja gani ya kunicheka? Nafuta, naweka moja. Hiyo moja ni ya bawaba.

Amplifaya bado iko kwa fundi. Kapasita mpya zimeshafungwa, spika ya kushoto inaimba, ya kulia iko kimya. Anatafuta transista, vipande vinavyokuza sauti, Kariakoo, anasema za zamani kama zile sasa hivi ni za kubahatisha. Ijumaa hii nitapita tena kumuuliza.