Kiti cha dirishani: chagua upande kabla ya safu

Habari zenu, karibuni. Leo nachambua kiti cha dirishani, tena kwa makini ileile ninayochambulia kamera, maana mashirika mengi ya ndege siku hizi yanatoza hela ya ziada ili ujichagulie kiti. Ukishalipa, unastahili kuiona ardhi vizuri.

Wengi wakifungua ramani ya viti wanakimbilia safu. Mimi nasema anza na upande. Kushoto ni herufi A. Kulia ni herufi ya mwisho: F kwenye ndege yenye viti sita kwa safu, mara nyingi K kwenye zile kubwa. Chora mstari wa safari yako kwenye ramani, kisha tazama kile unachotaka kukiona kiko mkono gani. Ukitoka Delhi kwenda Kathmandu unaelekea mashariki, na Himalaya iko kaskazini, kwa hiyo milima inakuwa kushoto kwako. Ukirudi, kaa kulia. Aliyekosea upande ataambulia tambarare, hata kama dirisha lake ni safi kama nini.

Halafu kuna jua, na hapa ndipo safari nyingi zinapoharibika. Ukielekea kaskazini asubuhi, jua liko kulia. Upande huo mwanga unakupiga usoni, kila mkwaruzo wa dirisha unang'aa, na ardhi inafifia kwa utusitusi mweupe. Hamia upande wa kivuli uone tofauti: mito, mashamba, kingo za milima, vyote vinajitokeza na rangi zake. Tena ukiwa juu ya mawingu, tafuta kivuli cha ndege yenu. Mara nyingi utakuta kimezungukwa na duara lenye rangi za upinde wa mvua, na duara hilo huonekana upande uliolipa jua mgongo tu. Mimi naweza kulitazama mpaka mawingu yaishe. Upande wa jua nauchagua kwa sababu moja: machweo.

Tuje kwenye safu. Kwenye jeti ambazo bawa liko chini ya madirisha, kaa mbele ya bawa. Nyuma yake pia unaona chini, ila hewa ya moto kutoka kwenye injini inakatiza mbele yako na mandhari yanacheza kama unayatazama juu ya jiko la mkaa. Ndege za panga boi kama ATR 72 na Dash 8 zina bawa juu ya madirisha, kwa hiyo chini kuko wazi karibu kote. Epuka tu safu zilizo sambamba na injini.

Na jamani, hakikisha dirisha lipo kweli! Kwenye Boeing 737 nyingi kuna kiti cha dirishani, hasa kushoto mbele kidogo ya bawa, ambacho ubavuni kina ukuta mtupu, kwa sababu mabomba ya kiyoyozi yanapita hapo. Tovuti ya aeroLOPA inaonyesha dirisha limekaa wapi kwa kila kiti. Kwa ukubwa wa madirisha, Boeing 787 naipa alama za juu: yana urefu wa sentimita 47 hivi. Kasoro yake ni kwamba hayana pazia. Yanatiwa giza kwa umeme, na wahudumu wanaweza kuyafifisha yote kwa pamoja wakati wewe bado unatazama nje.

Kwa picha, sogeza simu karibu kabisa na dirisha bila kuligusa, zima flashi, na kwepa kile kitundu kidogo cha chini. Kimewekwa kusawazisha shinikizo kati ya tabaka za dirisha, na barafu hupenda kuganda kukizunguka.

Usichoweza kukichagua ni njia ya kurukia. Ndege hupaa na kutua ikiukabili upepo, kwa hiyo mji uliotarajia kuuona kushoto unaweza kutokea kulia. Fungua Flightradar24, tovuti ya kufuatilia safari za ndege, tazama safari yenu ilivyopita siku za karibuni, ndipo ulipie kiti.