Nissan Leaf: rimu za inchi 16 au 18?

Nissan Leaf ni gari la umeme, na nyingi zilizotumika Japani hufika kwetu na tairi za 205/55R16 (upana milimita 205, ukuta asilimia 55 ya upana huo, rimu ya inchi 16). Ukitaka kupandisha hadi inchi 18, saizi inayokaribia kimo kilekile ni 225/40R18, kwa hiyo mita ya mwendo haitadanganya sana.

Tatizo liko kwenye ukuta wa tairi, yaani mpira wa ubavuni kati ya rimu na barabara. Ule wa 16 una milimita 113 za mpira. Wa 18 una 90 tu. Ingia kwenye shimo lenye kingo kali usiku wa mvua, na huo mpira uliopungua ndio ungeiokoa rimu isipinde. Kumbuka pia kwamba Leaf nyingi hazina tairi ya akiba, ni pampu na gundi tu, na ukuta ukishapasuka gundi haisaidii kitu.

Halafu kuna chaji. Tairi pana na rimu nzito hula umeme zaidi, na kwa Leaf kuukuu ambayo betri imeshachoka, kila kilomita ina thamani.

Inchi 18 inashika kona vizuri na gari linapendeza kweli, sikatai. Kwa lami safi na mfuko mnene, haya.

Mimi ningebaki na 16, nitafute rimu nyepesi za alumini zenye matundu matano ya nati kwenye duara la milimita 114.3, na tairi zinazoviringika kwa wepesi zenye namba ya uzito (kipimo cha mzigo ambao tairi inaweza kubeba) 91 au zaidi, maana betri ni nzito.