Suzuki Jimny kwenye tope la Usambara: uzoefu wangu na vizazi vitatu

Watu wakiniuliza habari za Suzuki Jimny, kile kigari kidogo cha Kijapani kinachovuta kwa magurudumu yote manne, huanzia kwenye injini: ina cc ngapi, mlima inapanda? Mimi huwaambia waanzie kwenye kilo. Huku Usambara masika yakishika, ni nadra kuona gari la maana likishindwa mlima kwa kukosa nguvu. Linazama. Likishazama, kila ukikanyaga mafuta linazidi kujichimbia shimo lake. Land Cruiser yenye tani mbili na ushei ina nguvu za kutosha kuvuta nyumba, lakini ikiteleza kuelekea bondeni hakuna wa kuisimamisha.

Kazi yangu ni kusambaza dawa za mifugo na mbegu za mboga kwenye maduka ya vijijini. Lami ya kupanda kutoka Mombo hadi Lushoto haina neno, hata Vitz inafika. Shughuli ipo ukiiacha njia kuu ukaingia njia za vijiji vya juu, upande wa Mlalo na Mtae: udongo mwekundu, kushoto ukuta wa mlima, kulia bonde, na katikati mifereji iliyochimbwa na malori ya kabichi. Njia hizo nimezipita na Jimny za vizazi vitatu. Ya kwanza ilikuwa SJ410 ya mjomba, ya kizazi cha pili, ambayo ndiyo niliyojifunzia udereva. Ya pili ni JB43 ninayoimiliki, ya kizazi cha tatu. Ya tatu ni JB74 ya shemeji, ya kizazi cha nne, ambayo huniazima akiwa na moyo mzuri.

Kizazi cha kwanza sijakiendesha, ila ukikijua unaelewa kwa nini gari hili liko hivi lilivyo. Kampuni ndogo ya Kijapani iitwayo Hope Motor ilitengeneza kigari cha magurudumu manne yanayovuta yote, ON360, ikashindwa kukipeleka mbali. Suzuki ikanunua haki zake mwaka 1968, na aliyelipigania jambo hilo ndani ya Suzuki ni Osamu Suzuki, ambaye baadaye aliiongoza kampuni kwa miongo. Aprili 1970 ikatoka LJ10, Jimny ya kwanza: silinda mbili, 359 cc, injini ya two-stroke inayochoma oili pamoja na petroli, nguvu za farasi 25 hivi, na uzito wa kama kilo 600. Sheria ya Japani ya magari madogo yenye kodi nafuu haikuruhusu gari lizidi mita tatu kwa urefu, kwa hiyo spea tairi haikuweza kuning'inia mlango wa nyuma. Wakaiweka ndani, nyuma ya kiti, ikachukua nafasi ya abiria. Gari la watu watatu na tairi moja! Ule udogo ambao leo watu wanausifu uliletwa na sheria ya kodi.

Injini ikaendelea kukua. Mwaka 1972 ikapata maji ya kupozea, katikati ya muongo zikaja silinda tatu, na mwaka 1977 LJ80 ikatoka na injini ya four-stroke, isiyochoma oili pamoja na petroli, ya 797 cc. Hapo ndipo ilipoanza kuuzika vizuri nje ya Japani.

SJ410 ndiyo ninayoijua kwa mifupa yangu, na ninaposema mifupa namaanisha. Kizazi cha pili kilianza mwaka 1981, na hii 410 ilibeba injini ya 970 cc na gia nne. Mbele na nyuma ilikaa kwenye springi za mabamba, zile za kupanga kama za lori. Ya mjomba ilikuwa ya turubai. Ukipita kwenye jiwe la ukubwa wa ngumi unajua ni jiwe gani na limelala upande gani. Dashibodi yake ilikuwa bati na saa chache, redio mjomba aliichomoa kwa sababu hata ikiwaka haisikiki. Kuingiza magurudumu ya mbele kulikuwa na ibada yake: unashuka, unainama kwenye tope, unageuza kufuli kwenye kila gurudumu la mbele kwa mkono, unarudi ndani na miguu michafu, ndipo unavuta mti wa gia ndogo, yaani ule mti wa pili unaounganisha magurudumu ya mbele. Ukisahau gurudumu moja, unakanyaga mafuta bure.

Lakini ikishaingia, ilikuwa inakwenda! Uzito wake ulizidi kidogo tu kilo 800. Matairi membamba yalikata tope la juu yakatafuta udongo mgumu chini. Ikikwama kweli, vijana wanne wa kijijini waliishika bampa na kuinyanyua kando ya mfereji, halafu wakaomba lifti. Kwa gari kubwa ungetafuta trekta. Si ajabu kwamba mwaka 2007 madereva wawili wa Chile walifika na Samurai iliyofanyiwa marekebisho kwenye mlima wa volkano Ojos del Salado, mita 6,688 juu ya usawa wa bahari. Samurai ndilo jina ambalo Wamarekani walilijua nalo gari hili la kizazi cha pili.

Kwenye lami ndiko ilikonitesa. Ikifika kilomita 80 kwa saa injini inalia kama inaomba kusamehewa, na breki za ngoma zinataka uanze kuzikanyaga mapema. Toleo la SJ413 lililoanza mwaka 1984 lilipunguza mateso hayo kwa injini ya 1324 cc, gia tano na diski mbele. Hata hivyo wembamba na kimo havikubadilika sana. Mwaka 1988 jarida la Marekani la Consumer Reports liliandika kwamba Samurai hupinduka kirahisi. Suzuki ikalishtaki, na kesi ikamalizwa kwa makubaliano mwaka 2004. Mahakama na iwe na yake. Mimi ninachojua ni kwamba gari jembamba lililosimama juu halipigwi kona kama gari la saluni, na dereva aliyejifunzia Corolla inabidi aanze upya. Waliopenda umbo hilo waliendelea nalo kwa muda mrefu ajabu: India waliliunda kwa jina la Maruti Gypsy kuanzia 1985 kwa zaidi ya miaka 30, na Hispania kiwanda cha Santana kilichoko Linares nacho kililiunda.

Sasa nije kwenye gari langu. Kizazi cha tatu kilitoka mwaka 1998 na kikakaa sokoni miaka 20, jambo ambalo kwa Mjapani ni sawa na karne. Mabadiliko makubwa yapo chini: springi za mabamba ziliondoka (Japani zilianza kuondoka tayari katikati ya miaka ya 1990), zikaja springi za koili. Wakabakisha mambo mawili ambayo watengenezaji wengine wa vigari vidogo waliyatupa, yaani chasisi ya ngazi (fremu ya vyuma iliyo chini ya bodi) na ekseli nzima, yaani chuma kimoja kinachounganisha magurudumu ya kushoto na kulia, mbele na nyuma. Faida ya ekseli nzima unaiona kwenye mfereji. Gurudumu moja likisukumwa juu, la upande wa pili linasukumwa chini, likatafuta ardhi. Kwenye magari ambayo kila gurudumu linajitegemea, mara nyingi moja hubaki hewani likizunguka bure.

Hapa pana mkanganyiko wa majina unaowagharimu watu wanaoagiza kutoka Japani. JB23 ni ile nyembamba ya 660 cc yenye turbo (kifaa kinachoisukumia injini hewa), na Japani ndiyo inayoitwa Jimny bila nyongeza. Ukiona Mazda AZ-Offroad, ni hiyohiyo imebadilishwa nembo. Ya 1300 huko kwao iliitwa Jimny Wide mwanzoni, kisha Jimny Sierra. Kwingine duniani ni Jimny tu. JB33 ndiyo 1300 ya awali, yenye mkanda wa ndani ya injini ambao ni lazima ubadilishwe kwa ratiba. JB43 ina injini ya M13A ya 1328 cc inayotumia cheni badala ya mkanda huo. Nilichagua JB43 ya gia za mkono kwa sababu ya cheni hiyo, na kwa sababu turbo ndogo ikikosa oili safi kwa wakati hugeuka deni. Anayemudu nidhamu ya oili asiidharau JB23 hata hivyo. Ni nyepesi zaidi, ni nyembamba zaidi, na hewa ya milimani haiichoshi turbo haraka.

Yangu ina uzito wa kilo 1,060 hivi. Ukilinganisha na SJ410 ni nyongeza kubwa, na kwenye tope laini naisikia. Vijana wanne hawaiinui, labda sita wenye hasira. Lakini safari ya Lushoto hadi Tanga naifanya nikiwa bado mtu, na kwa mchanganyiko wa milima na lami napata kama kilomita 11 kwa lita.

Mafundi na wenye Jimny wote wanajua magonjwa ya kizazi hiki, nayo ni ya umri kuliko ya bahati mbaya. La kwanza ni usukani kutetemeka kwa fujo ukifika mwendo fulani, mara nyingi karibu na 80. Wengi hukimbilia kubadilisha shokapu ya usukani. Hiyo huficha ugonjwa tu, chanzo huwa beringi zilizolegea za kwenye nakli za mbele (viungo vinavyogeuza magurudumu), bushi zilizokwisha, au matairi yasiyopigwa balansi. La pili ni kufuli za magurudumu ya mbele, ambazo sasa zinafungwa kwa mvuto wa hewa kupitia mipira myembamba. Mpira ukipasuka au sili ikichoka, taa ya magurudumu manne huwaka au kupepesa lakini mbele hakuna kinachovuta. Wapo wanaozing'oa na kurudisha kufuli za kugeuza kwa mkono kama za mjomba, na siwacheki. La tatu ni kutu, hasa kwa yaliyotoka maeneo ya theluji ya Japani ambako barabara humwagwa chumvi. Kabla ya kulipa, lala chini ukaigonge chasisi kwa bisibisi. Rangi ya juu isikudanganye.

Kitu kimoja sikukipenda tangu siku ya kwanza: kuanzia katikati ya miaka ya 2000 walitoa mti wa gia ndogo wakaweka vitufe kwenye dashibodi. Vinafanya kazi. Lakini mti unauhisi mkononi ukiingia, kitufe unakiomba.

Inaonekana sikuwa peke yangu kulalamika, kwa sababu kizazi cha nne kilipotoka Julai 2018 mti ulirudi, na maandishi yake 2H (magurudumu mawili), 4H (manne kwa mwendo wa kawaida) na 4L (manne kwa gia nzito ya taratibu). Umbo nalo likarudi kwenye pembe na taa za duara. JB74 ya shemeji ina injini ya 1462 cc yenye farasi 102, na cha kunifurahisha ni kwamba uzito haukupanda sana: Sierra ya Japani, ambayo ndiyo JB74 hii, ni kama kilo 1,075 hadi 1,090. Wameongeza nguvu, wameongeza vyuma vya chasisi, na bado gari limebaki na mwili wake. Ukiweka 4L nguvu inayofika magurudumuni inazidi mara mbili ya 4H, na kompyuta inakamata breki ya gurudumu linalozunguka bure ili lililo kwenye ardhi ngumu lipate nguvu. Pale ambapo mimi na JB43 ningetafuta mstari kwa uangalifu, shemeji anapita akiongea na simu. Inaniudhi kidogo.

Ila kama gari la kazi, halinifai. Viti vya nyuma vikisimama, buti lina lita 85, yaani mkoba na tumaini. Nikivilaza napata nafasi ya makasha yangu, lakini basi nina gari la watu wawili. Euro NCAP, shirika la Ulaya linalopima usalama wa magari kwa kuyagongesha, waliipa nyota tatu kati ya tano mwaka 2018, kwa hiyo mwenye familia azisome taarifa zao. Na bei yake bado iko juu hata kwa iliyotumika, kwa sababu kiwanda hakijawahi kuwatosheleza wanaoitaka. Tanzania unaweza kuagiza JB43 ya zamani ukajipanga na ushuru wa uchakavu. Kenya, ambako gari lililozidi miaka minane haliingizwi, kizazi cha tatu kinabaki kutafutwa kwa wenye nayo tayari.

Shemeji sasa anaitazama ile ya milango mitano, iliyozinduliwa India Januari 2023 na kuundwa na Maruti Suzuki huko Gurugram. Japani ilipopewa jina la Jimny Nomade mwaka 2025, maoda yalifika kama 50,000 ndani ya siku chache hadi wakasimamisha kuyapokea. Umbali kati ya magurudumu ya mbele na nyuma umeongezwa milimita 340, buti limefika lita 208, na watu wanne wanakaa bila kugombana. Uzito sasa ni karibu kilo 1,200, na tumbo likiwa refu hivyo lina nafasi zaidi ya kugusa mgongo wa mfereji. Kwa anayekaa Moshi au Tanga mjini, mwenye watoto wawili na shamba analolitembelea mwisho wa wiki, ndiyo Jimny ya kwanza ninayoweza kumshauri awe nayo kama gari pekee la nyumbani. Mimi kwa njia za malori ya kabichi nabaki na JB43. Mwezi ujao naibadilishia bushi za mbele na kuivalisha matairi membamba zaidi.