Wachapaji wa ramani za setilaiti: mikoko imetoka safi, bahari imewashinda

Nawapa nyota nne. Ya tano nimeibania kwa sababu ya bahari.

Kazi yenyewe ilikuwa ramani ya pwani yenye mikoko, kwa skeli ya 1:100,000, kutokana na picha ya Sentinel-2, setilaiti za Ulaya zinazopiga picha za dunia. Skeli hiyo inaifaa sana picha ile. Pikseli moja ni mita 10 ardhini, sawa na sehemu ya kumi ya milimita karatasini, kwa hiyo inchi moja hubeba pikseli 254. Niliulizia pia bango la 1:25,000. Mchapaji akapiga hesabu palepale, akanishauri niachane nalo maana kila pikseli ingefika milimita 0.4 na miraba ingeonekana kwa macho. Angeweza kunyamaza akala hela ya karatasi kubwa.

Kingine kilichonipendeza: walinitumia profaili ya rangi, yaani faili inayoeleza rangi zitakavyotoka kwenye mtambo na karatasi yao, kabla hata sijaleta faili yangu. Wengi ukiwaomba hiyo wanakutolea macho. Skrini hutengeneza rangi kwa mwanga, mtambo kwa wino wa sayani (buluu ya kijani), majenta (waridi iliyokolea), manjano na mweusi, na zipo rangi za skrini ambazo wino huo hauzifikii kabisa. Bila profaili unabahatisha.

Mikoko ndiyo mtihani wangu. Kijani chake ni kizito, karibu na weusi, na wino ukizidi msitu wote hugeuka doa. Hawa wamezuia jumla ya wino isipite asilimia 300 (kila wino kati ya minne hufika 100, hivyo ukomo ni 400), na nikiinamia karatasi naviona vijito vyembamba vikipenya katikati ya miti, na mpaka kati ya mikoko na mashamba ya nyuma haujafifia. Majina ya vijiji nayo wameyachapa kwa wino mweusi peke yake, hivyo herufi ndogo hazina ukungu wa rangi pembeni.

Sasa bahari. Kina kirefu, ambacho kwenye skrini ni buluu iliyokolea, kimeingia uzambarau. Maji ya kina kifupi juu ya miamba yamepooza. Nilipolalamika, nikajibiwa kuwa wino hauwezi. Jibu hilo ni nusu ya ukweli. Buluu ile ile ya skrini haipatikani, sawa, lakini uzambarau hupungua ukipunguza majenta kwenye eneo la maji tu, bila kugusa nchi kavu. Ni kazi ya subira, na kwa bei yao niliitarajia.

Karatasi pia imechangia. Usipotaja, wanakupa isiyong'aa, ambayo hunywa wino na kufanya weusi uwe kijivujivu. Kwa ramani ya mistari sina neno nayo. Kwa picha ya setilaiti sisitiza yenye mng'ao wa wastani.

Toleo la infraredi, lile la mimea kuonekana myekundu, limetoka vizuri mno. Wekundu huo hutokana na majenta na manjano, na yao hayana kasoro.

Ukiwapa kazi, omba sampuli ya kipande chenye maji na nchi kavu pamoja, kisha itazame kwa mwanga wa mchana. Chini ya balbu ya manjano utaidhinisha kitu kingine kabisa.