Lebo za wodini pale Majengo: nyota nne, moja nimeishikilia

Miaka tisa nilikuwa muuguzi wa wodini, sasa nipo kitengo cha ubora. Watu wakisikia "usalama wa mgonjwa" wanadhani ni semina hotelini na posho. Mimi siku nyingi nabandika lebo. Tunafuata 5S, mbinu ya kupanga mahali pa kazi kwa hatua tano: ukishasasambua makabati, yaani kutoa visivyohitajika, ile S ya kwanza, inakuja Seti: kila dawa ipate mahali pake, na jina lisomeke hata saa tisa usiku macho yakiwa mazito.

Ndiyo nikaingia kwenye kiduka cha kuchapa nyuma ya soko la Majengo, Dodoma mjini. Kompyuta mbili, na feni inayopeperusha karatasi kuliko kumpoza mtu. Nikaagiza lebo 60, nyekundu kwa dawa za hatari kama kloridi ya potasiamu, nyeupe kwa zilizobaki. Shilingi 500 kila moja pamoja na laminesheni, na hiyo laminesheni ni ya kweli: wiki ya tatu hii tunazifuta kwa klorini, hakuna kona iliyobanduka. Nilizochapisha kwingine mwaka jana zilivimba maji ndani ya siku nne.

Sasa namba. Nilipeleka karatasi: amlodipini 5 mg, deksamethasoni 0.5 mg. Narudi jioni, nakuta 5.0 mg. Kijana kachangamka kabisa: "Sista, namba zako zilikuwa hazilingani, nimekunyooshea."

Nikavuta stuli nikakaa. Nikafunika ile nukta kwa kidole nikamwambia asome. "Hamsini." Dozi mara kumi hiyo, na nukta hufutika yenyewe bila kidole cha mtu. Ndiyo maana sifuri tunaiweka kabla ya nukta, 0.5, lakini baada ya namba kamili hatuiweki kabisa.

Hakubisha wala hakumsingizia mwenzake. Akarudia lebo zote 11 zilizokosewa bila kunidai senti, mimi nikaondoka giza limeshaingia. (Nimewahi kufanya kazi wodi ambayo kosa likitokea swali la kwanza ni "nani alikuwa zamu?" Matokeo yake, makosa yalifichwa.)

Mkienda, ombeni nakala moja ya majaribio, msome namba kwa namba kabla hajawasha mashine. Jumamosi msijisumbue, ni kadi za harusi tu. Mimi narudi Jumanne na lebo za friji ya oksitosini.