Nozeli za 550cc kwenye 1JZ-GTE: uzoefu wangu

Hizi nozeli za kumwagia petroli, kila moja cc 550 kwa dakika, ziko kwenye injini ya 1JZ-GTE ya Mark II yangu, ile JZX110, tangu msimu wa korosho uliopita. Nazipa nyota nne. Ya tano imepotelea kwenye oringi, vile vimpira vya kuzuia kuvuja, nitaeleza.

Muuzaji wa kwanza niliyempigia Dar aling'ang'ania nichukue za 1000cc, eti siku nikiongeza nguvu sitanunua tena. Nozeli hainunuliwi kama sare ya shule ya mtoto anayekua, jamani. Ikizidi ukubwa inashindwa kutoa tone dogo la kutosha silensa tu, yaani injini ikinguruma bila kukanyaga mafuta. Injini inatetemeka, plagi zinakuwa nyeusi, na ukisimama taa za barabarani harufu ya petroli inaingia ndani.

Mimi nilianza na nguvu ninayoitaka: farasi 400. Injini ya petroli yenye tabo inakula kama cc 6.3 kwa dakika kwa kila farasi mmoja. Zidisha, unapata 2,520. Gawa kwa nozeli sita: 420. Halafu gawa kwa 0.8, maana nozeli haitakiwi kufanya kazi zaidi ya asilimia 80 ya muda wake; ikikaa wazi muda wote huna akiba, na mafuta yakipungua tabo inapopulia, pistoni inatoboka. Jibu ni 525, kwa hiyo 550. Zile 380 za kiwandani kwa hesabu hiyo zinaishia farasi 290 hivi, na Toyota wenyewe waliandika 280.

Mzigo ulikuja na basi, na karatasi ya vipimo ndani. Nozeli zote sita zilikuwa zinakaribiana kwa kiasi zinachomwaga. Nikazipima ohmu, zikasoma kama 12, sawa na inavyotaka kontroli boksi, ile kompyuta ya injini, ya gari hii. Ukiletewa za ohmu 2 au 3 zinataka rizista ya kupunguza umeme, la sivyo unaunguza boksi.

Sasa oringi. Fundi wangu pale Magomeni ya huku Mtwara alizipaka oili, akasukuma reli, lile bomba la petroli linalokaa juu ya nozeli, taratibu, bado tulipofungua swichi petroli ikachuruzika juu ya manifodi. Mbili zilikuwa ngumu kama plastiki. Tukarudisha oringi za zamani.

Pia 550 inamwaga asilimia 45 zaidi ya 380 kwa ufunguzi uleule, kwa hiyo lazima kontroli boksi iambiwe. Fundi wa kompyuta nilimtoa Dar, nauli na kulala juu yangu, na jumla yake ilipita bei ya nozeli. Pampu ya petroli nayo tuliweka Walbro ya lita 255 kwa saa. Tukaijaribu njia ya Lindi, ukishapita Mikindani: saa ya mchanganyiko ilikaa 11.5, yaani hewa 11.5 kwa petroli moja kwa uzito, tabo ikipulia, silensa imetulia. Asubuhi ikiwa baridi inasitasita kidogo, basi. Kwenda Masasi mwendo wa kawaida, ulaji wa mafuta sijaona tofauti ya maana.

Kama tabo yako bado ya kiwandani, usinunue hizi. Osha 380 zako, zipimwe kama zinatoa sawa, hela iliyobaki weka kwenye pampu.